Sikio la Kushoto la Nandi

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla hajagusa ufagio, Paskalia alilipima hekalu. Alitumia utepe wa fundi cherehani, ule wa manjano wenye namba zilizofifia, akauvuta kutoka kona ya ukuta hadi kwenye kigingi cha chuma ambacho watu wa halmashauri ya jiji walikichimbia pale miaka mingi nyuma. Mwezi ule hekalu lilikuwa limesogea upana wa punje mbili za mchele kuelekea kusini magharibi. Akaandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo, akakunja utepe, akaenda kuchota maji.

Hilo halikuwa jambo la kusimuliana. Hekalu lile la Shiva, mungu wa Kihindu, lilikaa juu ya kilima cha Observatory, nyuma ya nyumba zenye kuta ndefu na nyaya za umeme, na kila jirani alijua kwamba liko safarini. Waumini wake walikuwa Watamili, wafua nguo na wakulima wa mboga walioishi kwenye mteremko mpaka serikali ya makaburu ilipoamua kwamba kilima ni cha wazungu. Ikawapakia kwenye malori na kuwatupa Lenasia, kusini magharibi, karibu saa nzima kwa gari. Hekalu halikupakiwa. Likaanza kutembea wiki hiyohiyo, kuwafuata. Mpaka leo lilikuwa limekwishaimaliza bustani yake lenyewe, na uzio ulikuwa umehamishwa mara nne, kila mara kwa kibali.

Hadithi nyingine za hekalu zilihitaji mtu wa kutia chumvi, naye hakukosekana. Wapo waliosema ni kongwe kuliko mji wenyewe. Kwamba wachimba dhahabu wa kwanza walipopanda kilimani kutafuta kuni walikuta taa ya samli inawaka na mtu hayupo. Wapo waliosema jiwe la Shiva lililomo ndani hukua kila mwaka, na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu paa lilikuwa limeinuliwa mara tatu na fundi wa mara ya mwisho bado alikuwa hai, anaishi Rosettenville, akilalamika mgongo. Lakini hadithi iliyowaleta watu kwa wingi ilikuwa ya Nandi.

Nandi ni fahali wa jiwe jeusi anayelala mbele ya mlango, akimtazama bwana wake Shiva. Mwenye shida humnong'oneza kwenye sikio la kulia, naye fahali huifikisha shida ndani. Sharti ni moja tu. Unaponong'ona, kiganja chako kiwe kimeziba sikio la kushoto, kwa sababu masikio yale yametoboka moja kwa moja, na maneno yasipozuiwa hutokea upande wa pili na kuanguka chini. Watu wa Lenasia hulijua sharti hilo tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao.

Upande huo wa kushoto kulikuwa na kona iliyomsumbua Paskalia. Kwa miaka kumi na moja aliyofagia pale, ufagio ulikuwa mwepesi kila mahali isipokuwa hapo. Vumbi la kona ile lilikuwa zito, lilishikilia nyuzi za ufagio, na hata katika majira ya ukame mawe yake yalikuwa na unyevunyevu. Alidhani ni bomba linavuja, akamwambia mzee Thangavelu, mtunzaji wa hekalu. Mzee alimjibu kwamba hapakuwahi kupita bomba pale.

Paskalia alizaliwa Morogoro, na alikuwa Mkatoliki wa Jumapili zote, inyeshe isinyeshe. Mwaka themanini na sita aliolewa na Sidney, kijana wa Soweto aliyekuwa akiishi kambini Mazimbu, hukohuko Morogoro, pamoja na wenzake waliozikimbia bunduki za makaburu. Ndoa ilifungwa palepale kambini. Katibu aliandika cheti, mashahidi wakatia sahihi, pilau likaliwa mpaka ukoko. Mwaka tisini na mbili, nchi ilipofunguka, Sidney alimleta kwao yeye na binti yao mdogo, Lerato, wakapanga chumba Yeoville. Wiki ya pili Sidney alitoka asubuhi na cheti cha ndoa ndani ya mfuko wa plastiki wa mkate, ili kiandikishwe ofisini. Alirudi jioni akasema kimepokelewa, wasubiri.

Wakasubiri. Cheti hakikuonekana kwenye daftari la serikali, na kompyuta zilipoletwa hakikuonekana kwenye kompyuta. Kila baada ya miaka miwili Paskalia alikwenda kupanga foleni, wakamgongea muhuri wa muda wa kuishi nchini wakati faili linatafutwa. Sidney alikufa kwa kifua, faili bado linatafutwa. Paskalia aliwalaani makarani wa ofisi ile, aliowajua kwa majina na asiowajua kwa rangi za sweta zao. Kila Jumamosi aliiungama dhambi hiyo kwa padri, na kila Jumatatu alianza upya.

Kazi ya hekaluni alipewa na mzee Thangavelu mara tu baada ya mazishi. Mzee alikuja msibani na sufuria ya wali wa ndimu, akaeleza kwamba mwaka sabini na sita, polisi walipokuwa wakisaka vijana, baba yake, aliyekuwa ameachwa kilimani kulinda taa, alimficha Sidney siku tatu ndani ya stoo ya vyungu. Kijana alikaa humo akichungulia kwenye ufa wa mlango, akiwatazama watu wakija kumnong'oneza Nandi, mpaka njia ya kuvuka mpaka ilipopatikana.

"Kwa hiyo alikuwa wetu," mzee alisema. "Na wewe mjane wake ni wetu. Ufagio upo."

Barua ilifika Jumamosi ya wiki ileile ya kipimo. Lerato ndiye aliyeisoma, akiwa amesimama jikoni na sare yake ya uuguzi. Lerato alikielewa Kiswahili chote cha mama yake lakini alimjibu kwa Kizulu au Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kiswahili kilimtoka akiogopa tu.

"Mama," alisema, kwa Kiswahili. "Eish. Wanasema hawagongi tena muhuri wa muda. Ulete cheti cha ndoa au cheti kiwe kimeonekana kwao. Siku thelathini. Halafu uondoke."

"Niondoke niende wapi?"

"Nyumbani, wanasema."

Paskalia alitazama sufuria zake, pazia alilolishona mwenyewe, kiti cha Sidney ambacho hakuna aliyekikalia. Alikuwa na miaka sitini. Wazazi wake walikuwa wamekufa, kiwanja chao kimeuzwa, na binti yake wa pekee alikuwa hapa, mwenye kitambulisho cha nchi kwa sababu ya baba yake. Akamwambia Lerato ale kabla chakula hakijapoa.

Jumatatu alikuwa kwenye foleni kabla jua halijatoka. Mlinzi wa mlangoni alikuwa Firmin, Mkongo wa Lubumbashi, aliyemjua Paskalia kwa miaka mingi kuliko karani yeyote.

"Mama Paska! Unarudia tena?" Firmin alisema. "Ingia kwa mustari. Lakini leo système iko chini."

"Itapanda saa ngapi?"

"Hata ye mwenyewe hajui, Mama."

Système, yaani mitambo ya kompyuta, ilipanda saa tisa, ikashuka saa tisa na robo. Alirudi Jumanne, akarudi Jumatano. Kwa wiki mbili alizungushwa kutoka dirisha hadi dirisha, na kila dirisha liliapa kwamba cheti hakijawahi kupita pale. Paskalia aliwaambia ni waongo. Mmoja wao, msichana mpole mwenye sweta la zambarau, alimletea kiti.

Mzee Thangavelu alimtazama akifagia huku akiwalaani makarani. Siku ya nne alisema.

"Mama Lerato, mwambie Nandi."

"Mimi Mkatoliki, Mzee."

"Nandi hana dini. Ni ng'ombe."

"Na Shiva je?"

"Shiva hatakuuliza. Ana shughuli nyingi."

Paskalia alijibu kwamba atafikiria, akaenda kuwasha mshumaa kwa Mama Maria, akamweleza hali halisi ili asije akasikia kwa watu.

Mara mbili kila mwezi, jua linapoelekea kuzama, Nandi huogeshwa. Watu wa Lenasia walikuja na magari yao, akina mama wakiwa na maua ya manjano nyweleni. Kuhani alimmwagia fahali maziwa, akammwagia mtindi, maji ya bizari, na maziwa tena, na mwanga wa jioni ukatua juu ya jiwe lililolowa. Watu wakapanga mstari. Mmoja mmoja waliinama kulia, wakaziba kushoto, wakasema yao. Harufu ya ubani ilishuka mteremko mzima, ikaingia madirishani mwa watu waliokuwa wakitazama televisheni. Kisha magari yakaondoka, akabaki Paskalia na mzee, na matone ya maziwa.

Paskalia alijifuta mikono kwenye kanga. Akapiga ishara ya msalaba, akainama, akaziba sikio la kushoto la Nandi kwa kiganja chake, kama alivyowaona wengine wakifanya kwa miaka kumi na moja.

"Naomba cheti cha ndoa yangu," alinong'ona. "Popote kilipo. Amina."

Fahali akashusha pumzi. Akaunyoosha mguu wa mbele, kisha wa pili, akasimama. Maziwa yakamtiririka kifuani.

"Aliwahi kusimama?" Paskalia aliuliza.

"Siku ya malori," alisema mzee Thangavelu. "Nilikuwa na miaka tisa, nimepakiwa juu ya magodoro. Alisimama, akaenda mpaka getini, akarudi."

Pale alipokuwa amelala fahali palibaki alama ya mviringo iliyo safi, na katikati yake mfuko wa plastiki wa mkate, umebanwa ukawa bapa. Ulikuwa umepenyezwa kwenye ufa chini ya tumbo lake. Paskalia aliujua kabla hajaugusa. Aliufungua, na ndani yake kulikuwa na cheti chake, na sahihi ya katibu, na sahihi za mashahidi, na jina lake lililoandikwa kwa wino wa bluu: Paskalia. Akapiga kigelegele. Mbwa wa kilima kizima walimjibu. Mzee Thangavelu alipiga makofi, akacheka mpaka akashika ukuta.

Wakati huo Nandi alikuwa amekwenda kwenye kona ya kushoto. Akainamisha kichwa, akaanza kuyalamba mawe. Ulimi wake ulikwaruza taratibu, bila haraka yoyote, na aliyalamba yote, mpaka vumbi lile zito likaisha. Kisha akalala palepale, akafumba macho nusu, akaanza kucheua.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Sidney. Ilikuwa Kiswahili chake cha Mazimbu, chenye ngeli zilizopinda, kile alichokitumia hapa mjini alipotaka kusema jambo lisieleweke na wengine.

"Nandi. Leo nimefika mpaka mlangoni. Cheti iko mfukoni. Mlinzi ameniuliza nataka mstari gani, nimeshindwa kumjibu, nimerudi. Kabla sijakimbia nchi nilimwoa Nomsa, kule Orlando, Soweto, mbele ya kamishna, kwa kitabu ya serikali. Tulikaa miezi minne. Talaka hakuna. Nikiandikisha Paskalia, Nomsa ataonekana, na Paskalia atabeba mtoto arudi kwao. Nimeficha cheti hapa kwako. Mwombe Shiva anipe mdomo. Nitamwambia kesho."

Fahali akameza. Akacheua tena, na sauti ilikuwa imezeeka kidogo.

"Nandi, sijamwambia. Nimesema wamepokea. Nipe mdomo. Kesho."

Akacheua tena.

"Nandi, Lerato amefaulu mtihani. Nyumbani wanapika. Sitaki kuharibu leo. Kesho."

Ilikuwa hivyo jioni yote. Miaka ishirini na moja ya kesho ilitoka mdomoni mwa fahali, moja baada ya nyingine, ikinuka maziwa. Katika nyingine kulikuwa na mvua. Katika nyingine Sidney alikuwa amekunywa. Mara moja alisema alimwona Nomsa sokoni akichagua nyanya, mnene, amependeza, wala hakumtambua. Ya mwisho ilikatwa na kikohozi.

Mzee Thangavelu alikwenda hadi kwenye stoo ya vyungu, akaingia, akafunga mlango, akachungulia kwenye ufa. Alipotoka uso wake ulikuwa umenywea.

"Kutoka mle unaliona sikio la kulia tu," alisema. "Kijana aliona watu wananong'ona. Kiganja cha upande wa pili hakukiona. Na sisi hatukumfundisha, tulidhani anajua." Akakaa juu ya ndoo. "Angeziba, Mama Lerato, angepewa mdomo siku ileile."

Paskalia alikuwa amekishika cheti kifuani. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiyafagia maneno ya mumewe kila asubuhi, na kuyakusanya kwenye beleshi, yaliyokubali kukusanyika, na kuyamwaga chini ya mti. Alichukua lile tambara bichi la kufutia sakafu akamrushia fahali usoni.

"Muoga!" akapiga kelele. "Muoga wewe! Na mimi nimewalaani watoto wa watu!"

Fahali alilitikisa tambara likaanguka. Paskalia akalia, kwa hasira kwanza, kisha kwa aibu, kwa ajili ya karani wa sweta la kijani aliyemwombea mabaya mpaka akastaafu. Mzee alimwacha alie, akaenda kumchemshia chai.

Asubuhi alivaa gauni lake la kanisani, akapitia kilimani kumuaga mzee, akatia cheti kwenye mkoba. Hakuwa mjinga, alikuwa amesikia alichosikia. Lakini cheti kilikuwa cheti, kilikuwa na muhuri, na alikuwa amekitafuta miaka thelathini na miwili. Alipofungua geti Nandi alisimama, akamfuata.

Waliteremka Yeoville, wakapita Hillbrow wakati watu wa zamu za ulinzi wanarudi makwao. Kwenye roboti, taa za barabarani, fahali alisimama ilipowaka nyekundu, jambo ambalo teksi mbili nyuma yake hazikulifanya. Mwanamke aliyekuwa akipanga ndizi chini aliivuta meza yake ili apite. Kwato za jiwe ziliacha alama ndogo kwenye lami, na watoto wa shule wakazikanyaga moja moja.

"Huyu naye anapanga mustari," Firmin alisema mlangoni. "Nyuma ya Mama. Asisukume watu."

Système ilikuwa juu. Msichana wa sweta la zambarau alikipokea cheti kwa mikono miwili, akakisoma mbele na nyuma.

"Cheti ni kizuri, Gogo," alisema, akimwita bibi kwa Kizulu. "Hiki ndicho tulichokuwa tukikitafuta. Sasa faili linakamilika."

Akaandika kwenye kompyuta. Akaandika tena. Kisha akageuza kioo ili Paskalia aone, na pale palikuwa na jina la Sidney, na pembeni yake jina la Nomsa, na tarehe ya mwezi wa tatu, mwaka sabini na sita.

"Marehemu alikuwa na mke, na talaka haipo," msichana alisema polepole. "Sheria inasema ndoa inayofungwa juu ya ndoa kama hiyo haijafungwa. Haikuwahi kufungwa."

"Tulikula pilau," Paskalia alisema.

"Naamini, Gogo."

"Nimemuuguza. Nimemzika. Kwenye kaburi lake nimeandika mume wa Paskalia."

"Kaburi si letu, Gogo, ni la idara nyingine." Msichana alikuwa na machozi. Akamtazama fahali. "Na huyu?"

"Shahidi wangu."

"Ana kitambulisho?"

"Hana."

"Basi angeleta hati ya kiapo yenye muhuri wa polisi. Lakini sikudanganyi, haitabadilisha kitu."

Nandi alicheua. "Kesho," alisema, kwa sauti ya Sidney.

"Kesho tumefunga," msichana alimjibu. "Mitambo inatengenezwa."

Muhuri wa muda haukuweza kugongwa tena, kwa sababu ulikuwa ukigongwa wakati faili linatafutwa, na sasa faili lilikuwa limepatikana. Barua ilibaki vilevile. Siku zilizosalia zilikuwa kumi na moja. Paskalia alimshukuru msichana, akamwomba radhi kwa yale aliyowahi kumwombea. Msichana akasema haikumdhuru sana, ni meno tu yaliyokuwa yakimuuma.

Wakili aliyetafutwa na Lerato alirudia maneno ya msichana kwa urefu zaidi. Paskalia angeweza kuomba upya, kama mgeni, akiwa nje ya nchi, na majibu huchukua miaka.

"Baki tu, Mama," Lerato alisema. Kiswahili kilikuwa kikimtoka mfululizo siku zile, kimejaa makosa, kama cha mtoto. "Nani atakuja kukutafuta? Mji mzima umejaa watu wasio na karatasi."

"Nimeishi hapa miaka thelathini na miwili kama mke wa mtu," mama yake alisema. "Siwezi kuishi hata siku moja kama mwizi."

"Mimi je?"

Alimvuta binti yake, mwanamke mzima mwenye sare, akamkalisha kwenye kiti cha Sidney, akamsuka nywele kichwa kizima.

Huko kilimani kamati ya hekalu ilikutana kwa sababu ya Nandi. Aliporudi kutoka ofisini hakulala mahali pake. Alilala kwenye kona ya kushoto, kiuno amemgeuzia Shiva, uso ameuelekeza kaskazini. Wapo waliotaka aletewe winchi. Kuhani alisema ameingia ndani akauliza, na Shiva hakulalamika. Basi ikaamuliwa aachwe, na watu waambiwe kwamba mstari wa kunong'ona sasa unaanzia kwenye stoo ya vyungu.

Siku ya mwisho iliangukia Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Basi la kumrudisha kwao lilikuwa liondoke saa tano. Paskalia alimwomba Lerato ampitishe kilimani, akateremka, akavua viatu, akalipima hekalu. Punje mbili za mchele, kusini magharibi. Aliandika. Akachota maji, akafagia uwanja wote, akamwagilia maua ya manjano. Alipomaliza alisimama upande wa kulia wa Nandi, akainama. Sikio la kushoto hakuliziba. Mzee Thangavelu aliona, akamwacha.

"Sidney," alinong'ona, "nimekuchukia siku kumi. Leo ni ya kumi na moja, nimechoka. Ungeniambia. Ningelia wiki mbili, ningevunja sahani, halafu tungetafuta njia wote wawili. Ungeniambia tu, baba."

Maneno yakapita, yakatua chini upande wa pili, kwenye yale mawe. Hakuyafagia.

Ndipo alipoona kwamba kwato za mbele za Nandi zimeupita ufa wa sakafu zilizokuwa zimeugusa siku aliporudi kutoka ofisini. Akautoa utepe. Akapima mara mbili, akamwita mzee apime naye.

"Vidole viwili," alisema mzee Thangavelu. "Kaskazini."

"Kwa siku kumi na moja?"

"Yeye ni ng'ombe. Ng'ombe hutembea kuliko nyumba." Akaenda kuchukua chaki, akachora mstari mbele ya kwato, akaandika tarehe. Aliinuka kwa shida, akasimama akitazama upande ambao fahali alikuwa akiutazama, juu ya paa za Yeoville, juu ya maghorofa ya Hillbrow, na kwingine kote kulikofuata mpaka Morogoro. "Mimi watu wangu wako karibu, na bado sijaona hekalu likifika. Lakini linakwenda. Na huyu atafika."

Getini Lerato alipiga honi, mara moja, kwa adabu. Paskalia alikunja utepe akamkabidhi mzee, akavaa viatu.

"Basi mwambie," alisema, "mimi nimetangulia."

Alibeba mkoba wake mpaka getini. Alipogeuka kufunga alimwona mzee ameinama kwa taabu, mkono mmoja kiunoni, kiganja cha mwingine kimeziba vizuri sikio la kushoto, akimwambia.